Andika bei: majibu kwa wanaoanza kuuza mtandaoni

Barua za mwezi huu zimetoka Uyole, Iringa, Rungwe, Tunduma na hapa mjini Mbeya, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: biashara yangu ni ndogo, simu ninayo, nianzie wapi? Mimi nauza vitenge Kabwe, na sehemu kubwa ya wateja wangu sasa hunikuta kwenye simu kabla hawajanikuta dukani. Nitakayoyasema humu ni ya muuzaji kwa muuzaji mwenzake.

Habari za kazi, dada. Nauza mchele wa Kyela na unga wa lishe hapa Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Mpwa wangu yuko chuo, alipokuja likizo akanifungulia Instagram, Facebook na TikTok kwa siku moja. Picha anaposti, laiki zinakuja, lakini wa kununua simwoni. Bando linaisha tu. Nianze upya vipi?
Mama wa unga, Uyole

Salama, mama, pole na kazi. Mpwa wako ana nia njema, ila amekufungulia milango mitatu ya duka wakati mtu wa kukaa mlangoni ni mmoja, na huyo huyo ndiye anayepima unga. Kurasa hizo ziache zipumzike kwanza. Anza na WhatsApp, kwa sababu wateja wako wameshakuwa humo. Yule mwalimu anayechukua kilo kumi kila mwisho wa mwezi, yule nesi, yule jirani mwenye mtoto anayeanza uji, wote namba zao unazo au unaweza kuziomba leo.

Pakua WhatsApp Business, ile yenye herufi B kwenye alama yake. Ni ya bure, na ilitolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo kama yako na yangu. Ukitaka kutenganisha mambo ya familia na ya kazi, iweke kwenye laini ya pili. Kisha jaza maelezo yako yote: jina la biashara, unachouza, saa za kufungua na kufunga, na mahali ulipo kwenye ramani. Wengi huruka hatua hii. Mtu anayetoka Iwambi hajui Uyole yako ni upande gani wa barabara, na akishuka kwenye daladala akaanza kuulizaulizia, atanunua kwa wa kwanza atakayemkuta.

Ndani yake kuna sehemu ya orodha ya bidhaa. Kila bidhaa inakaa na picha yake, maelezo mafupi na bei. Mteja akiuliza una nini, unamtumia orodha nzima kwa kubonyeza mara moja, hata kama mikono imejaa unga.

Na sasa bei. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nimeona biashara nyingi za huku kwetu zikikwama papo hapo. Kurasa zimejaa picha nzuri, chini yake imeandikwa “bei njoo inboksi”. Mama, usifanye hivyo. Andika bei.

Najua sababu zinazotolewa. Ya kwanza ni kwamba wapinzani wataona. Wapinzani wako wako meza ya pili, bei yako wanaijua tangu asubuhi, na wasipoijua watamtuma mtoto aje kuuliza. Ya pili ni kwamba bei ya mchele inapanda na kushuka. Ni kweli, wakati wa mavuno si sawa na mwezi wa pili. Basi andika “bei ya leo” na tarehe, na kesho ikibadilika unabadilisha. Ya tatu haisemwi kwa sauti: muuzaji anataka kwanza amwone mteja amevaaje ndipo ataje bei. Wateja wanalijua hilo vizuri kabisa, ndiyo maana wanapita.

Mteja wangu mmoja, mwalimu kule Chunya, aliniambia kwamba asipoona bei anajua kitu ni ghali, na anaona aibu kuuliza kisha akae kimya. Ile aibu ndiyo inayokupokonya mteja. Hakukuambia kitu, hakukupinga, amefunga tu picha na kwenda kwa mwingine. Wewe unabaki na laiki yake.

Bei ikiandikwa, anayekutafuta anakuwa ameshajipima mfuko. Meseji zitapungua idadi, lakini zitakazokuja zitakuwa za watu wanaouliza “mzigo utanifikiaje?” badala ya “bei gani?” Kwa mtu anayepima unga na kujibu simu kwa mkono mmoja, tofauti hiyo ni kubwa. Kama una nafasi ya kupunguza, iseme wazi pia: kuanzia kilo ishirini tunazungumza.

Posti yako ya mchele iwe hivi, namba utaweka zako:

“Mchele wa Kyela, mavuno ya mwaka huu. Haujachanganywa, umepepetwa, hauna mawe. Kilo 1 sh. 3,200. Kilo 5 sh. 15,500. Tupo Uyole, njia panda ya Tukuyu. Bodaboda analeta mpaka Soweto na Mwanjelwa, nauli unalipa ukipokea. Piga au andika WhatsApp.”

Angalia kilichomo: ni nini, ubora wake, bei, mahali, namna ya kumfikia mteja, namna ya kuagiza. Hakuna “karibuni sana wateja wetu wapendwa” mistari mitatu. Na hilo neno “haujachanganywa” uliandike ikiwa ni kweli tu. Mchele wa Kyela una jina kubwa, na kwa sababu hiyo kuna wanaochanganya mchele wa sehemu nyingine na kuuita wa Kyela. Mpishi mzoefu anaugundua sufuria ikianza kunukia, na hapo mtandaoni hakuna pa kujificha, maana atakusema kwenye kundi la mtaa zima.

Picha usihangaike na kamera. Simu yako inatosha, ila futa kioo cha kamera kwanza, kina vumbi la unga. Uyole asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba ni ukungu mtupu, kwa hiyo subiri saa tatu au saa nne, kaa mlangoni, mwanga utoke pembeni, usitumie mwanga wa simu. Piga punje zikiwa kiganjani, karibu, mtu aone urefu wake na kama zimekatika. Kisha piga sahani ya wali uliopikwa kwa mchele huo huo. Picha hizo mbili zinauza kuliko gunia lililosimama.

Kwenye unga wa lishe andika kila kilichomo na tarehe uliyosaga. Kama kuna karanga, zitaje wazi, kwa sababu wapo watoto wanaodhurika na karanga. Usiandike kwamba unga unatibu kitu au unanenepesha mtoto kwa wiki moja. Mzazi mwenye mtoto dhaifu anayeamini maneno hayo anaweza kuchelewa kwenda kituo cha afya, na hilo ni zito kuliko mauzo ya kilo mbili. Pia, unga unaofungwa kwenye pakiti zenye jina lako ni jambo la TBS, shirika la viwango. Nenda ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Mbeya ukaelekezwe hatua zake. Siku utakapokuwa na alama ya ubora, ipige picha iwe ya kwanza kwenye orodha.

Posti ya kila siku iweke kwenye stetasi ya WhatsApp. Inakaa saa 24 kisha inatoweka, kwa hiyo haimchoshi mtu. Lakini fahamu kwamba wanaoiona ni wale tu ambao wewe umehifadhi namba zao na wao wamehifadhi yako. Hata ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, inayobeba watu 256, humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa haipo mtandaoni. Ipo mezani kwako: kila anayenunua, mwambie “hifadhi namba yangu, andika Mama Unga Uyole, nikipata mzigo mpya utaona.” Msubiri aandike mbele yako. Inachukua nusu dakika. Fanya hivyo mwezi mzima bila kuchoka ndipo uangalie ni wangapi wameona stetasi yako.

Saa za kuweka zifuate maisha ya wanunuzi wako. Kwa chakula cha nyumbani, mimi ningeweka jioni, saa moja hadi saa tatu usiku, mama akiwa amekaa anapanga ya kesho. Tarehe za mishahara ya walimu na manesi unazijua kuliko mimi.

Jambo la mwisho, na tafadhali usilidharau: nunua daftari la karatasi. Andika jina la mteja, namba, alichonunua, na jibu la swali moja: ulinijuaje? Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kwa hitilafu ya kwao wenyewe. Waliokuwa na namba kwenye daftari walipiga simu za kawaida na kazi ikaendelea. Na lile swali la “ulinijuaje” ndilo litakalokuambia, baada ya miezi michache, kama ni wakati wa kuamsha Instagram au kuiacha. Mpwa wako akija likizo tena, mpe kazi ya kupiga video fupi ya unga ukitoka mashineni. Hapo ndipo TikTok yenu itakapoanzia.

Dada, kamwene. Tuko kikundi cha akina mama wa Iringa, tunasuka vikapu vya milulu. Kuna kijana anasema tumlipe sh. 150,000 kwa mwezi atuletee wafuasi elfu kumi Instagram na kututangaza kwa wateja wa Dar na watalii. Anaomba na neno la siri la akaunti yetu. Tumpe?
Mama wa vikapu, Iringa

Kamwene, mama. Neno la siri msimpe mtu yeyote, awe kijana huyo au mwingine. Akaunti ikishahamia kwake, kila picha mliyoweka na kila mteja aliyewahi kuwaandikia ni vyake. Leo hii fungueni mipangilio ya akaunti, washeni ulinzi wa hatua mbili (neno la siri pamoja na namba inayoingia kwenye simu yenu), na mtu akiwatumia meseji kwamba mmeshinda zawadi na anaomba namba za tarakimu sita zilizoingia kwenye simu, jueni anaiba akaunti.

Wafuasi elfu kumi wa kununua hawana mikono ya kubeba kikapu. Wengi ni akaunti zisizo na watu nyuma yake. Hawaandiki, hawaulizi, na Instagram ikiona mnapeleka picha kwa watu elfu kumi wasioigusa, inaelewa kwamba picha zenu hazina mvuto, hata wale wafuasi wenu mia mbili wa kweli wanaanza kutoziona. Mia mbili wanaopenda vikapu wanatosha kuanzia.

Kwa bidhaa yenu Instagram ni chaguo zuri, kwa sababu kikapu kinanunuliwa kwa macho. Lakini kikapu kwenye picha hakina ukubwa. Mnunuzi wa Dar akiona kikapu peke yake kwenye nyasi hawezi kujua kama kinabeba mkate mmoja au nguo za mtoto za wiki nzima. Mwekeni mtu akibeba. Andikeni urefu na upana kwa sentimita, na bei. Kisha wekeni mikono ikisuka. Video ya sekunde thelathini, mikono tu, milulu ikipita juu na chini, bila muziki wa kelele, mama mmoja akieleza kwa sauti yake kikapu hicho kimechukua siku ngapi. Mtu anayeona kazi ile hawezi kuuliza kwa nini bei si ya plastiki. Na wageni wanaopita Iringa kwenda hifadhi ya Ruaha hutafuta kitu cha kurudi nacho, kwa hiyo chini ya maelezo ya Kiswahili wekeni mistari miwili ya Kiingereza na ramani ya mahali mnapouzia.

Tangazo la kulipia lipo, na mnaweza kulifanya wenyewe. Badilisheni akaunti iwe ya biashara, ni bure. Wekeni picha kama kawaida kwa wiki kadhaa, mwone ipi imeleta maswali mengi yenyewe bila kulipiwa. Hiyo ndiyo mtakayoilipia. Mkibonyeza sehemu ya kutangaza, mtaulizwa mnataka nini: chagueni watu wawaandikie meseji. Mtaulizwa wa wapi: chagueni Dar es Salaam, Dodoma au Arusha, msiache nchi nzima. Mtaulizwa kiasi na siku. Malipo yanahitaji kadi ya benki au ile kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu.

Kabla ya kubonyeza, fanyeni hesabu kwenye karatasi. Tuseme mnaweka sh. 5,000 kwa siku, siku nne. Hiyo ni 20,000. Tuseme kikapu kimoja, mkishatoa gharama ya milulu, rangi, ufungaji na mama aliyesuka kupata chake, kinabakisha 7,000. Basi lazima viuzwe vikapu vitatu ili tangazo lijilipe, na cha nne ndicho kinaanza kuwa faida. Meseji zikija thelathini na vikapu vikauzwa viwili, tatizo halipo kwenye tangazo. Lipo kwenye majibu yenu, au bei, au usafirishaji. Na kijana wenu wa 150,000 kwa hesabu hiyo hiyo angehitaji kuuza vikapu ishirini na viwili kila mwezi ili tu arudishe alicholipwa. Mwulizeni kama yuko tayari kulipwa kwa kila kikapu kinachouzwa kupitia kwake. Jibu lake litawatosha.

Usafirishaji ndio unaowatisha wateja wa mbali, kwa hiyo uelezeni kabla hawajauliza. Mzigo unapelekwa stendi ya Igumbilo, unaandikishwa kwenye basi, mnapewa risiti. Pigeni picha risiti hiyo, pigeni picha kifurushi kikiwa kimefungwa na jina limeandikwa, mtumieni mteja vyote pamoja na jina la basi, saa ya kuondoka na namba ya ofisi yao ya mzigo. Dakika tano hizo ndizo zinazomfanya aagize mara ya pili.

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Rungwe, nina kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass. Miche yangu bado midogo haipendezi kwenye picha. Naona wenzangu wanachukua picha za mashamba makubwa mtandaoni wanaposti. Na mimi nifanye hivyo mpaka yangu ikue? Ndaga fijo.
Mwenye kitalu, Rungwe

Marahaba, mwanangu. Usifanye.

Mtu anayenunua mchele mbaya anajua jioni hiyo hiyo. Anayenunua mche wako atajua baada ya miaka mitatu hivi, unapoanza kuzaa, akiwa ameshachimba mashimo, ameshaweka mbolea na amepalilia misimu yote hiyo. Ndiyo maana mnunuzi wa miche ana mashaka kuliko mnunuzi mwingine yeyote, na ana haki. Picha ya shamba la watu wa nje haimwondolei mashaka. Atakuuliza lile shamba liko kijiji gani.

Mwonyeshe anachohofia. Piga picha ya karibu ya pale ulipobebeshea, yaani ulipounganisha kikonyo na mche wa chini, kiungo kionekane wazi kimeshikana. Weka rula pembeni ya mche. Onyesha mti mama ulikotoa vikonyo, na tunda lake likiwa bichi la kijani na lile lile likiwa limeiva na ganda limegeuka jeusi la zambarau, kama Hass inavyotakiwa. Kama kitalu chako kimekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, weka picha ya cheti. Kama bado, fuatilia hilo kabla ya kufuatilia wafuasi.

Na udogo wa miche ndio mali yako ya sasa. Piga picha tuta lile lile, ukiwa umesimama mahali pale pale, kila Jumapili. Anayefuatilia miche yako tangu ikiwa na majani manne hatahitaji kushawishiwa siku ukisema iko tayari. Nakushauri Facebook zaidi kwa kazi hii, kwa sababu wakulima wenye mashamba, watu wazima na wastaafu wanaotafuta cha kupanda bado wako kule kwa wingi, nao wana subira ya kusoma maelezo marefu.

Dada, nashona nguo hapa Tunduma na wateja wengi wananipata WhatsApp. Wiki iliyopita mmoja alinitumia meseji ya muamala, nikampa mzigo dereva wake, kumbe pesa haikuingia. Na nikisema walipe kwanza, wananiambia mimi ndiye tapeli. Nifanyeje?
Fundi cherehani, Tunduma

Pole sana, dada. Tuanze na meseji. Ujumbe unaotumwa na mteja, au picha ya ujumbe kutoka kwenye simu yake, si malipo. Malipo ni salio lako. Kama ni M-Pesa piga *150*00# uangalie salio mwenyewe kabla mkono haujaachia mfuko, hata kama dereva anapiga honi na mteja yuko hewani anakuharakisha. Haraka hiyo ni sehemu ya wizi. Ujumbe wa kweli wa mtandao huingia kwa jina la huduma, hauji kwa namba ya kawaida ya mtu. Namba iliyokuibia itume kwenda 15040, ndiko ujumbe na namba za matapeli zinakoripotiwa, kisha nenda polisi ukiwa na mazungumzo yote hujayafuta.

Kuhusu nani atangulie, wote wawili mna hofu ya haki. Wateja wameibiwa na wauzaji hewa, nanyi mmeibiwa na wateja hewa. Njia inayofaa kazi ya ushonaji ni nusu kwa nusu: nusu wakati wa kukata kitambaa, nusu ukishamtumia video ya nguo iliyokamilika ikiwa imetundikwa, na mzigo unaondoka pesa ikishaonekana kwenye salio. Iandike hiyo kama kanuni kwenye maelezo ya WhatsApp yako ili isionekane umeitunga kwa ajili ya mtu mmoja. Tumia Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya biashara, yenye jina la biashara yako. Mteja anapoona jina analolijua likitokea kabla ya kuweka namba ya siri, hofu inapungua sana. Ukiwa bado unapokea kwa namba ya ndugu yako, acha, maana jina lisilofanana ndilo linalowatia watu shaka.

Usisahau pia kupiga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama kuna usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waifunge.

Mama, nina saluni Mwanjelwa. Huwa naposti nywele za wateja nikimaliza kusuka. Mmoja amekasirika kwa sababu mumewe aliona, na anasema atanishitaki. Si nilikuwa namtangaza bure?
Msusi, Mwanjelwa

Hukuwa unamtangaza yeye, mwanangu, ulikuwa unajitangaza wewe kwa uso wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ilianza kutumika mwaka 2023. Picha ya uso wa mtu ni taarifa yake. Unamwomba kabla, na akisema hapana unashukuru unaendelea na kazi.

Kwa nywele huhitaji uso hata kidogo. Piga kwa nyuma na kwa pembeni, mistari ionekane imenyooka, andika jina la msuko, saa ulizochukua, na bei pamoja na rasta au bila rasta. Anayekubali uso wake uonekane, mwambie aandike “nakubali” kwenye WhatsApp yako na uihifadhi meseji hiyo. Watoto usiwaposti bila mzazi kukubali, hata kama nywele zimetoka nzuri namna gani.

Huyu aliyekasirika mpigie simu leo, usimwandikie. Mwombe radhi, futa picha zake zote akiwa hewani, za kwenye ukurasa na zile ulizotuma kwenye makundi, na umwambie ni zipi ulizofuta.